Bei ya Mazda Nyekundu Ilipokuwa Mpya

Jumatatu, 2 Juni. Louisville.

Dola elfu ishirini na tisa, mia tano na hamsini! Nimesoma mara mbili bila miwani, mara moja na miwani. Nikasimama. Nikakaa tena. Binti yangu Veridiana akauliza kama ni kifua. Nikamjibu ni Mazda.

Nieleze kwa utaratibu. Mdogo wangu Anicet yuko Brisbane, Australia. Tulikaa kambi moja kule Kasulu miaka mingi, kisha yeye akapelekwa huko na mimi nikaletwa Kentucky, kama vile mtu alikuwa anagawa karata. Nilimwomba anitafutie bei za magari ya spoti ya Kijapani katika nchi yake. Leo amenitumia picha ya ukurasa wa gazeti la magari alilolikuta kwa kinyozi. Magari yamepangwa moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja bei yake ya Australia. Bei ya mpya.

Nimeduwaa. Nissan Skyline ile kali imevuka laki moja. Honda ya viti viwili imevuka laki moja na nusu. Yaani kila kiti ni dola elfu sabini na tano, na miguu huwezi kunyoosha. Kwa bei ya kiti kimoja kambi yetu yote ingechimbiwa visima.

Lakini kilichoniinua ni Mazda ndogo ya mwaka 1989. Gari hilohilo analo Zéphyrin, mtoto wa dada yangu, huko Whitehall, pembeni mwa Columbus. Jekundu. Viti viwili. Usukani uko kulia, kwa sababu lilitoka Australia na mwanajeshi mmoja mstaafu. Na Zéphyrin analiuza elfu nane tu! Maskini, hajui alicho nacho. Sitamwambia. Si dhambi. Hajaniuliza.

Usukani kuwa kulia ndio jambo lenyewe. Leseni ninayo, nimeipata kwa jaribio la tano. Jaribio la kwanza nilifungua mlango wa mbele wa kulia, nikakaa, nikafunga mkanda, nikamsubiri mtahini. Naye alikuwa amesimama nje akinisubiri mimi. Tulisubiriana kwa heshima kubwa. Kambini niliendesha lori la maji kwa muda mrefu na sikugonga kitu, isipokuwa mbuzi mmoja ambaye kosa lilikuwa lake. Hapa nimegonga sanduku la barua la jirani, na Veridiana amenificha funguo za gari lake. Anasema tatizo ni umri. Nasema tatizo ni kiti.

Na yote haya ni kwa ajili ya Dative.

Dative anakaa Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey. Mjane, kama nami nilivyo mjane. Kambini alikuwa kiongozi wa kwaya, na siku za mazoezi ya kwaya lori langu lilikuwa na tabia ya kuharibikia mbele ya kanisa. Mwaka juzi nilimtuma Bagula, Mkongo wa Bukavu tunayesali naye hapa Louisville, ampelekee salamu zangu na nia yangu. Akarudi na jibu: anayenitaka ajilete mwenyewe.

Ajilete! Si aletwe na binti yake kama gunia la mchele. Jioni nilikuwa nafundisha sarufi kambini. Hiyo *ji* naijua vizuri.

Jumamosi hii Dative anafanya ibada ya shukrani kwa ajili ya nyumba yake mpya. Ametangaza kwamba siku hiyo atatoa jibu la mwisho kuhusu kuolewa tena, na baada ya hapo mlango unafungwa. Ninajua pia kwamba tangu apeleke salamu zangu, Bagula naye amekuwa akipiga simu Buffalo kwa gharama zake mwenyewe. Bagula! Mtu ambaye kwenye harambee husahau pochi.

Mpango: kununua gari kwa elfu nane, kujileta Buffalo, kumpata Dative, kuliuza gari kwa elfu ishirini na tisa na ushei, kufanya harusi. Sioni tundu lolote.

Jumanne, 3 Juni. Louisville.

Veridiana ameona tundu. Ameona kadhaa. Alikuwa ametoka zamu ya ghala, bado na fulana yake ya kung'aa, akasimama jikoni akanihesabia. Kwamba Dative angefurahi hata nikifika kwa miguu. Kwamba bei iliyo gazetini si bei ya mtu wa Whitehall. Kwamba mzee wa miaka sabini na tatu kwenye gari la spoti anafanana na mtu aliyeliiba. Wajukuu wakacheka na kusema jambo kwa Kiingereza ambalo mama yao alikataa kunitafsiria.

Nikamwambia nimesoma vitabu vingi kuliko vyombo vilivyomo humu jikoni. Akasema basi nivioshe hivyo vyombo. Nikaviosha.

Jioni akaja Bagula. Gari lake kubwa jeusi, lile la kuwatimulia watu vumbi kwenye maegesho ya kanisa, limekufa gia. Fundi ameomba wiki mbili. Nilitikisa kichwa kwa huzuni na kumkaribisha chai.

"Bon, vieux," akasema, yaani haya, mzee, "Buffalo tutaenda namna gani? Mimi siwezi kukosa ile ibada."

Hapo ndipo wazo lilinijia, zima, kama mkate unaotoka tanurini mwa mwokaji. Nimsafirishe! Nimpakie Bagula kando yangu. Dative atasimama barazani, ataona gari jekundu linaingia mtaani, mimi nimeshika usukani, na Bagula ameketi pembeni, ameletwa. Ameletwa! Mbele ya kwaya nzima. Hakuna hotuba itakayohitajika.

Nikamwambia nina usafiri kutoka Columbus na kwamba kwangu Mkongo ni ndugu. Alinitazama kwa mashaka.

"Na mimi nitakaa wapi ndani ya hiyo gari?"

Nikamwambia kiti cha mbele. Ni kweli. Hakuna kingine.

Alhamisi, 5 Juni. Whitehall.

Nimeduwaa tena. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kochi la Zéphyrin, na Zéphyrin yuko nje bado anacheka. Namsikia kupitia dirishani.

Tulifika kwa basi mchana, mimi na Bagula, na Zéphyrin akaja kutupokea. Kijana mzuri, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala la viatu. Gari lilikuwa kwenye maegesho ya nyumba zao za kupanga, kati ya magari makubwa, dogo na jekundu kama pilipili iliyoanguka sokoni. Nililizunguka mara moja. Nikakunja uso kama mnunuzi. Nikasema matairi yamechoka, rangi imefifia, na kwamba elfu nane ni nyingi ila kwa sababu ya damu nitajikaza.

Zéphyrin akasema bila haya kwamba hata saba angechukua. Amelitangaza tangu mwaka jana. Waliouliza ni wabeba barua wa vijijini tu, ambao hupenda usukani wa kulia ili wafikie masanduku ya barua, nao walipoona halina pa kuweka barua wakaenda zao.

Saba! Nami nikafanya kosa. Niliona huruma. Mtoto wa dada yangu, na mama yake alinibeba mgongoni, nikiwa nimeumia mguu, mwaka ule tulipokimbia nchi yetu. Nikamshika bega, nikampeleka kando, nikamwambia: mwanangu, usitoe mali yako hivi. Nikamwonyesha picha ya Anicet. Elfu ishirini na tisa, mia tano na hamsini. Mpya.

Alisoma. Akaniangalia. Akasoma tena.

"Mjomba, hii ni bei yake lilipokuwa jipya. Dukani. Mwaka themanini na tisa. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Nikamwambia ndiyo, jipya, nimeona. Akauliza jipya maana yake nini. Swali gani hilo? Nikamweleza kama ninavyomweleza mtu yeyote aliyekulia Amerika. Kule Kigoma gari jipya ni lile lililoshuka melini juzi. Linaweza kuwa limetembea Japani miaka kumi na tano, kiti kimeshonwa, kwenye kisanduku cha mbele mna risiti za Mjapani na peremende zake. Maadamu halijabandikwa namba ya Tanzania, ni jipya, na bei yake ndiyo bei ya mpya. Na gari hili je? Lilishuka melini. Kwa hiyo...

Hapo ndipo alipokaa chini kwenye tairi la jirani yake.

Alipopata pumzi akaniambia la pili, kwamba dola ya Australia si dola ya hapa. Ni ndogo kuliko hii. Nimeishi katika nchi tatu na kutumia faranga na shilingi, lakini nilidhani dola ni dola, kama maji ni maji.

Bagula alikuwa amesimama karibu kuliko nilivyodhani. Alisema kwa upole, akiangalia mawingu, kwamba kwao Bukavu hata mtoto wa darasa la pili anajua mambo ya kubadilisha pesa.

Basi, ndoto ya faida imekufa hapo hapo penye maegesho. Na pesa za kununulia gari, nilizopanga kumkopa Veridiana na kuzirudisha kwa kuliuza, sasa asingezitoa hata kwa mtutu wa bunduki. Nadhani uso wangu ulimtisha Zéphyrin, maana aliacha kucheka kidogo, akauliza Buffalo kuna nini. Nikamwambia yote. Mpaka lori la maji.

Akanipa ufunguo. Nilirudishe Jumatatu, bila mkwaruzo. Labda huko Buffalo kuna kichaa atakayelipenda, alisema. Kisha akatoka nje kucheka tena.

Ijumaa, 6 Juni. Whitehall.

Leo nimefanya mazoezi kwenye mitaa ya Whitehall. Lazima niandike kwamba nilikuwa na furaha, maana siku nyingine nitasahau.

Mkono wa kushoto ulikwenda kwenye gia wenyewe. Haukuniuliza. Swichi ya taa ya kukata kona ilikuwa mahali pake, upande wa kulia, si kama kwenye magari ya huku Amerika, ambako kila nikitaka kukata kona nawasha vifuta kioo. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii, mwili wangu ulikaa mahali unapopajua. Nilipita mbele ya duka la vyakula la Wasomali, mbele ya kanisa la Wanepali, nikakata kona tatu bila kosa. Zéphyrin alikuwa kando yangu na alikiri naendesha vizuri. Alisema vizuri sana, kisha akaniomba nisiimbe.

Baadaye akaingia Bagula ili azoee kiti. Alilalamika kwamba magoti yako kifuani. Kisha akafungua mfuko wa karanga na kusoma ujumbe kwenye simu yake, mikono yote miwili imeshughulika.

Jambo moja la ajabu. Watu wa Whitehall wanalishangaa gari hili kupita kiasi. Kwenye taa nyekundu mama mmoja aliangalia ndani, upande wa Bagula, akafunika mdomo kwa kiganja. Mwenye lori akapiga honi ndefu. Watoto wa basi la shule wakasogea wote kwenye madirisha, wakimwonyesha kidole Bagula na karanga zake. Nilijua ni zuri, lakini sikujua ni zuri kiasi hicho. Anicet lazima aandikiwe.

Jumapili, 8 Juni. Buffalo.

Jana sikuandika. Sikuweza kushika kalamu.

Safari yenyewe haikuwa mbaya. Tatizo la usukani wa kulia katika nchi ya mkono wa kulia ni kulipita gari lililo mbele. Anayeona kama njia ni nyeupe ni abiria. Kwa hiyo nyuma ya kila lori nilipaswa kumwuliza Bagula, na Bagula hujibu kwa Kifaransa, akisema ndiyo na hapana kwa pumzi moja. Mpaka Cleveland tulikuwa tumelipita trekta moja, na lilikuwa limesimama.

Kisha Ziwa Erie likatokea kushoto. Maji yasiyo na ng'ambo. Nilijikuta natafuta milima ya Kongo upande wa pili, kama tulivyokuwa tukiiona tukiwa Kigoma asubuhi isiyo na ukungu. Hakuna kitu. Bagula naye alikuwa ameacha kutafuna. Yeye ziwa lake ni Kivu. Kwa kipande hicho cha barabara sikumchukia.

Tuliposimama kununua kahawa dirishani bila kushuka garini, dirisha la duka likawa upande wake. Akapokea yeye. Vikombe vyote viwili. Akavinywa vyote viwili, akisema mimi ninaendesha, itanimwagikia. Kahawa huwaamsha watu wote duniani, ila Bagula humlaza. Tukiwa bado mbali na Buffalo alirudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo, akalala. Nilifurahi. Mzigo uliolala ni mzigo zaidi.

Niliingia Bailey Avenue polepole, paa likiwa limefunguliwa, mgongo wima. Nikakata kona. Nyumba ya Dative ilikuwa ya tatu, na kwaya yote ilikuwa barazani na kwenye ngazi, wamevaa vitenge vya aina moja, wakiimba. Dative alisimama mbele na sinia la soda. Bado ana ule mwendo wa shingo. Nilipiga honi mara mbili.

Alituona. Akamwona Bagula, upande ambao katika nchi hii hukaa dereva, kichwa nyuma, macho yamefumba, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani, na gari linakuja.

Sinia likaanguka. Wimbo ukakatika. Dative akapiga kelele moja ambayo sijawahi kuisikia hata mwaka ule wa kukimbia.

Nilisimamisha gari vizuri kabisa kando ya njia. Hakuna aliyeliona hilo. Wanakwaya walikuwa wamekwisha kumrukia Bagula. Wakamfungua mkanda, wakamtoa kwa miguu na mikono, wakamlaza kwenye majani. Mmoja alimpepea kwa kitabu cha nyimbo. Mwingine alimmwagia Fanta, maana ndiyo iliyokuwepo. Mchungaji Rugaba akaweka mikono juu yake na kuanza kukemea mauti.

Nilishuka upande wangu, ufunguo mkononi. Nikasema mimi ndiye dereva. Nikasema kwa sauti. Mama mmoja mnene akanisogeza kwa kiwiko.

"Mzee wangu, kaa pembeni kwanza. Tunamshughulikia dereva."

Bagula akaamka. Akaona mbingu, mchungaji, na wanawake kumi na zaidi wakilia juu yake. Mtu mwingine angesema ukweli. Bagula alijiinua kwa kiwiko kimoja, akafuta Fanta usoni, akasema:

"Bon. Safari ilikuwa ndefu."

Wakamkalisha kiti cha kwanza, kile chenye kitambaa. Wakampa sahani ya kwanza. Nikawaonyesha ufunguo, ushahidi usiopingika. Wakashikana mikono kwa furaha. Na wakati wa ushuhuda Mchungaji Rugaba alisimama, akasema tumeona leo jinsi dereva alivyozimia njiani, na jinsi mzee Pantaleo, mtu wa miaka sabini na tatu, alivyokuwa na akili ya kuchomoa ufunguo na kuwaokoa wote wawili. Wakapiga makofi. Nilipigiwa vigelegele kwa kuzima gari nililoliendesha kutoka Columbus.

Nilitoka nje. Nikakaa kwenye gari, kwenye kiti changu, mikono kwenye usukani. Nilikuwa nimemleta mshindani wangu kwa mikono yangu na kumkabidhi.

Jua lilipokuwa linashuka, Dative akaja peke yake. Alinitazama. Akautazama usukani. Akalizunguka gari lote, akarudi.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeendesha."

Nikasema ni mimi. Njia yote.

"Na yule alikuwa amelala tu."

Nikasema alikuwa amelala tu.

Akafungua mlango wa kushoto, akapangusa maganda ya karanga, akaketi kando yangu. Magoti yake nayo yalifika kifuani. Hakulalamika.

"Pantaleo, mimi nilisema nini?"

Nikamkumbusha. Anayenitaka ajilete mwenyewe.

"Nilisema usinitumie watu. Uje, uketi, useme kwa mdomo wako. Gari nani alilitaja? Mwaka juzi nilitoa vikombe kabatini, nikaviosha. Mwaka jana nikaviosha tena. Basi lipo kila siku kutoka kwenu mpaka hapa mjini. Ningekuja kituoni kukupokea. Kumbe wewe ulikuwa unatafuta usukani."

Nimeduwaa mara nyingi maishani. Niliduwaa siku ya kwanza ya theluji, niliduwaa wiki hii kwa bei za Australia. Hii ilikuwa nyingine. Mimi mwenye kamusi mbili nilikosa neno.

Nikauliza kuhusu Bagula. Akasema Bagula alikwisha kumjibu hapana tangu mwaka jana, kwa simu, naye amekuja kwa ajili ya pilau. Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa ile ya kuanzisha wimbo.

"Watu wanasubiri jibu langu leo. Nitawaambia nimelisogeza. Hili gari lirudishe kwa mwenyewe. Jumamosi ijayo njoo na basi. Nikikuona, tutaongea kama watu wazima. Nisipokuona, usinisumbue tena."

Akashuka. Aligusa bega langu akipita. Au aligusa gari. Naamini ni bega.

Alhamisi, 12 Juni. Louisville.

Gari limerudi kwa Zéphyrin bila mkwaruzo. Veridiana alipopata habari kutoka Buffalo alinikumbatia jikoni, akiwa na glavu za kuoshea vyombo, akasema maneno mazuri kuhusu mama yake marehemu ambayo sitayaandika. Kisha akanikatia tiketi ya basi. Naondoka kesho jioni, nafika Jumamosi asubuhi. Shati limepigwa pasi. Wajukuu wamenifundisha jinsi ya kuegemeza kiti. Dative yuko tayari, vikombe viko tayari. Sijawahi kuwa karibu hivi na jambo ninalolitaka.

Usiku wa kuamkia leo nililala vizuri. Asubuhi, nikinywa chai, nikayarudia maneno yake, maana niliwahi kuponzwa na neno moja na sitaki kuponzwa mara ya pili.

Njoo na basi.

Hakusema njoo *kwa* basi! Kijiko kiliniponyoka. Nikafungua kamusi ya kwanza. Nikafungua ya pili. *Kwa* ni njia ya kusafiria. *Na* ni kuwa pamoja na kitu, kuja nacho. Njoo na mkeo. Njoo na kiti. Njoo na basi. Dative ni mwanakwaya, huchagua silabi. Na kwa nini asitake basi? Kwaya yake ina watu wengi, na nilisikia kwa masikio yangu wakilalamika kwamba hawana usafiri wa kwenda kuimba Rochester. Mwanamke amenieleza shida yake waziwazi, nami karibu nimfikie mikono mitupu, na tiketi!

Nimemwandikia Anicet papo hapo. Amenijibu kutoka kwa kinyozi: bei za mabasi madogo ya Kijapani, soko la Australia. Nimeduwaa. Nilisoma nimesimama, na sasa nimekaa. Anasema ni bei ya mpya. Nimemwuliza safari hii, kwa makini: mpya ipi? Bado sijapata jibu, lakini Zéphyrin anamjua mtu wa Columbus mwenye Toyota kuukuu ya viti ishirini na tisa iliyotoka hukohuko. Usukani uko kulia. Mlango wa abiria uko kushoto, kwa hiyo kwaya itashukia katikati ya barabara, lakini hiyo ni dosari ndogo na wao ni wepesi.

Jumamosi hii haitawezekana, hilo ni wazi. Mambo mazuri yanataka maandalizi. Lakini tiketi isipotee bure. Nimempa Bagula. Amekubali kwa moyo mweupe kwenda kumwambia Dative kwa niaba yangu anisubiri kidogo, nakuja na basi.